Batwa na kazi: sheria ipo, lakini mlango unafungwa kabla haijafika

Kandokando ya mbuga ya taifa ya Kahuzi-Biega, katika teritwari za Kabare na Kalehe, Mutwa anayeomba kazi mara chache anaambiwa wazi kwamba hatakiwi. Barua yake inapokelewa. Anaulizwa ametoka kijiji gani, ni mtoto wa nani, nani anamjua pale ofisini. Kisha anaambiwa arudi nyumbani angojee simu, na simu hailii.

Kazi isiyokosekana ni ile ya siku: kulima shamba la jirani, kubeba mizigo, kupasua kuni. Hapo hakuna anayeuliza diploma. Lakini watetezi wa haki za binadamu wamesema kwa miaka mingi jambo ambalo wenyeji wa huko wanalijua vizuri: Batwa wa Kivu, na Bambuti wa msitu wa Ituri, mara nyingi wanalipwa chini ya majirani zao kwa kazi ileile, au wanapewa chakula badala ya pesa.

Hali hiyo haikuanza jana. Mbuga iliundwa mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata Batwa waliondolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine. Mwindaji na mrina asali akawa mtu wa kulimia wengine. Mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ilitangaza uamuzi kwamba serikali ya Congo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Kesi ile ilihusu hasa ardhi, lakini mtu asiye na shamba ndiye anayekubali malipo yoyote anayopewa.

Kwa upande wa sheria, Congo si maskini. Kifungu cha 13 cha Katiba kinakataza kumbagua Mkongomani kwa sababu ya kabila, ukoo au kuwa wa kundi dogo, na kinataja wazi kazi za serikali. Kifungu cha 36 kinasema kazi ni haki, na kwamba mtu asidhulumiwe kazini kwa sababu ya asili yake. Mwaka 2001 nchi ilikubali mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, unaokataza ubaguzi katika ajira. Na tarehe 15 Julai 2022 rais Félix Tshisekedi alitia sahihi sheria namba 22/030, ya kwanza nchini kulinda na kukuza haki za watu wa asili Pigme.

Ugumu uko mahali pengine. Sheria ya kazi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamlinda zaidi mtu ambaye tayari yuko kazini. Kifungu chake cha 62 kinasema kabila, rangi, dini au asili ya kijamii haviwezi kuwa sababu halali ya kumfukuza mfanyakazi. Lakini yule ambaye hakuitwa hakufukuzwa. Hana mkataba, hana barua ya kukataliwa, hana shahidi. Atamwonyesha mkaguzi wa kazi nini? Simu ambayo haikulia?

Kuna pia sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kikabila kwa kifungo cha mwezi mmoja hadi miaka miwili. Hiyo inapita kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka, ile watu wanaiita parke. Inaweza kumgusa mwajiri aliyetamka au kuandika maneno ya chuki. Mwajiri anayenyamaza na kuchagua mtoto wa shangazi yake haimfikii kwa urahisi.

Hata kabla ya barua kuna karatasi nyingine. Watoto wengi wa Batwa wanazaliwa mbali na hospitali, na wazazi hawafiki kwenye ofisi ya kuandikisha uzazi ndani ya siku 90 zinazotakiwa. Muda ukipita, lazima kupata hukumu ya mahakama, na hapo gharama na safari vinaanza. Kijana asiye na cheti cha kuzaliwa anapata taabu kukamilisha dosye ya shule, halafu ile ya kazi. Mwajiri atasema hakumbagua mtu, dosye ndiyo haikukamilika. Na pengine anasema kweli.

Kwa hiyo mahali ambapo sheria inaweza kushika sasa hivi ni kwenye ile kazi ya siku inayodharauliwa. Kifungu cha 86 kinaagiza mshahara sawa kwa kazi sawa, uwezo sawa na matokeo sawa, bila kujali asili ya mtu. Kifungu cha 40 kinakwenda mbali zaidi: mtu anayeajiriwa siku kwa siku akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akaajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Wenye mashamba makubwa na wakandarasi wa barabara wanakijua kifungu hicho. Wanaobeba mawe, wengi hawajawahi kukisikia.

Ili kukitumia, lazima siku zijulikane. Daftari la shule linatosha kuanzia: tarehe, jina la mwajiri, kazi iliyofanywa, pesa iliyopokelewa, na nani alikuwepo. Asiyejua kuandika anaweza kumwomba mtoto wake au mwalimu wa kijiji. Kesi inaanza kwa mkaguzi wa kazi anayejaribu kupatanisha pande mbili. Bila hatua hiyo, mahakama ya kazi haipokei mashtaka.

Lakini tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma na Bukavu ziko mikononi mwa AFC/M23, na kumfikia mkaguzi au jaji wa serikali kumekuwa kugumu zaidi. Sheria, nayo, inahesabu siku zake: madai ya mshahara usiolipwa yanakufa baada ya mwaka mmoja.