Je, Nyoka Hudhuriwa na Sumu Yake?

Vijana wetu wa chuoni hutuuliza: swila ammezapo panya aliyemtia sumu, mbona hafi yeye?

Jawabu ni mbili. Kwanza, sumu ya nyoka hudhuru iingiapo katika nyama na damu. Ifikapo tumboni mwake huyeyushwa kama chakula. Pili, sumu ya swila huziba pale ambapo mshipa wa fahamu huuamrisha msuli, na pumzi hukatika. Katika mwili wa swila mwenyewe, pale pameumbwa hivi kwamba sumu haipati pa kushika. Nguchiro naye kajaaliwa mfano wa kinga hiyo.

Walakini kinga hiyo ina mpaka: nyoka wa jinsi nyingine akimwuma, aweza kumwua.

Basi, enyi wazazi, yatupasa tufahamu kwamba kinga ya nyoka haihamii kwetu kwa kula nyama yake wala kwa kunywa nyongo yake. Aliyeumwa asichanjwe, wala jeraha lisifyonzwe. Na atulizwe, asitembezwe, achukuliwe upesi hospitali. Dawa ya sumu hiyo, ijulikanayo tangu miaka ya 1890, hutolewa katika damu ya farasi waliozoezwa sumu kidogo kidogo. Kuchelewa ndiko kuangamia.