Beni na Butembo: Mfungwa akiachiliwa kwa masharti, nani anamfuatilia?

Gereza la Kangbayi mjini Beni lilivunjwa mara mbili katika muda usiofika miaka minne. Juni 11, 2017 walitoroka wafungwa zaidi ya 900 na watu 11 wakauawa. Oktoba 20, 2020 wakatoroka wengine zaidi ya 1,300, katika shambulio ambalo viongozi wa mji waliwatupia lawama waasi wa ADF. Usiku wa Agosti 9 kuamkia 10, 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, gereza la Butembo: zaidi ya 800 wakatoweka, na polisi wawili wakapoteza maisha.

Baada ya matukio kama haya huzungumzwa kuta, milango na idadi ya walinzi. Haiulizwi sana ni wangapi kati ya waliokuwa ndani walistahili kuwa humo. Wengi wa wanaojaza magereza ya Kongo ni mahabusu ambao kesi zao hazijaamuliwa. Aliyeshitakiwa kwa wizi mdogo analala karibu na mtuhumiwa wa mauaji, na mlango ukivunjwa, wote wanageuka watoro.

Sheria inayo njia nyingine, tena ya zamani. Kanuni ya adhabu ya 1940 inaruhusu aliyemaliza robo ya kifungo chake kuachiliwa kwa masharti, mradi awe amekaa ndani zaidi ya miezi mitatu. Kwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, hakimu anaweza pia kuahirisha adhabu ya mtu ambaye hana hukumu nzito ya nyuma. Lakini kuachiliwa kwa masharti huamuliwa na Waziri wa Sheria, kwa hiyo faili ya mfungwa wa Butembo inasubiri sahihi kutoka Kinshasa, upande wa pili wa nchi.

Kwa mahabusu, kazi inabaki kwa ofisi ya mwendesha mashtaka, parke kama wakaaji wanavyoiita. Anayepewa uhuru wa muda anaweza kuamriwa asihame, asitembelee sehemu fulani, na ajionyeshe parke kwa siku zilizopangwa. Hapo ndipo vita inapovuruga kila kitu. Mtu wa Eringeti au Mbau ataamriwa akae wapi, ikiwa familia yake imekimbilia mjini na inahama kila mashambulizi yanaposogea? Simu ingesaidia kumkumbusha tarehe. Haiwezi kusema amelala wapi.

Hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Mei 2021 iliongeza mzigo, kwa kuwa kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi zenye mahakimu wachache. Oktoba 2023 Rais Félix Tshisekedi alitangaza kulegeza hatua hizo.

Majirani walichagua kuwekeza kwa watu badala ya kuta peke yake. Kenya ina maofisa wa uangalizi tangu miaka ya 1940: ofisa anafika nyumbani kwa mshitakiwa, anaongea na familia na majirani, kisha anamwandikia hakimu ripoti kabla ya hukumu. Sheria yake ya 1998 inaruhusu kazi za kijamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasindi, ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2000, na Tanzania 2002.

Kongo yenyewe imeonja utaratibu huo, ila kwa watoto. Sheria ya Januari 10, 2009 inamruhusu hakimu wa watoto kumrudisha mtoto kwa wazazi, chini ya macho yao, huku mfanyakazi wa jamii akifuatilia.

Kwa watu wazima, wa karibu zaidi ni viongozi wa mitaa na wa nyumba kumi, wanaojua nani amelala nyumba gani. Wanafaa, lakini si bure. Kiongozi wa mtaa wa Mulekera au Bulengera atakayeripoti kwamba fulani amevunja masharti anabaki kuwa jirani yake usiku huohuo, katika miji ambamo wenye bunduki hawako mbali. Bila malipo, bila ulinzi na bila ofisa wa kumpokelea ripoti, ana kila sababu ya kunyamaza.