Homa ya Bonde la Ufa na Hesabu za Setilaiti

Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Niño zilipoigharikisha nchi kavu ya Garissa, Kenya, mifugo ikafa kwa wingi mno, na watu waliochinja na kukama wakapatwa na homa ya Bonde la Ufa, maradhi yatokanayo na virusi ambavyo mayai ya mbu wa jamii ya Aedes huweza kuvihifadhi ardhini kwa miaka, hata mafuriko yayaangue.

Mwaka 1999 Kenneth Linthicum, Assaf Anyamba na wenzao walitangaza katika jarida la Science utafiti ambao, kwa maoni yangu, wastahili kujulikana na kila mfugaji: walilinganisha tarehe za milipuko ya Kenya tangu 1950 na joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, wakaongeza habari za setilaiti, wakabaini kuwa mlipuko waweza kutabiriwa hadi miezi 5 kabla. Setilaiti haimwoni mbu. Hupima mwanga unaoakisiwa na majani, na kompyuta ikatambua pale ukijani unapozidi ada yake, dalili ya mvua nyingi ziwezazo kuzalisha mbu.

Mwaka 2006 tahadhari ilitangulia kweli, na Desemba wagonjwa wakathibitishwa Garissa. Lakini chanjo ya mifugo ilianza Januari, maradhi yakiwa yameshaenea, na zaidi ya watu 100 wakafariki nchini. Baada ya msiba huo wataalamu wakatunga mwongozo uwaelezao madaktari wa mifugo, hatua kwa hatua, la kutenda tangu tahadhari ya kwanza.