Tetemeko halitaji siku, lakini ukuta unasema

Huku kwetu Nyangwe na Kasongo wengi wanasema matetemeko ya ardhi ni mambo ya Bukavu na Goma, kule kwenye volkano. Si kweli. Tarehe 11 Septemba 1992 ardhi ilitetemeka Kabalo, mji wa mto huu huu wetu wa Lualaba. Nyumba zilianguka, watu wakafa. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitoka lingine la ukubwa wa 6,8 kwenye ziwa Tanganyika, likabomoa nyumba za Kalemie. Ndugu zetu wa Kabambare, hapo si mbali na ninyi.

Kila mara ikitetemeka, simu zinaanza: "Saa sita ya usiku linakuja kubwa zaidi!" Hakuna mtu anayejua saa. Hata watafiti wa Lwiro, wenye mashine za kupima, hawawezi kutaja siku. Anayeitaja ni mwongo, hata akiwa mkubwa wa kazi. Lakini la pili linaweza kufuata. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 la kwanza lilikuja asubuhi, watu wakiwa kwenye ibada, na upande wa Rwanda, Rusizi, kanisa liliwaangukia waumini. Baada ya saa chache tu, lingine tena. Kwa hiyo nyumba ikipasuka, usirudi ndani kuchukua godoro.

Sasa tuseme juu ya nyumba, maana ndiyo inayoua. Mchimbaji akipata pesa anaacha nyumba ya fito na udongo, anajenga ya matofali. Tunamwelewa, ni heshima kwa mke na watoto. Lakini fito zinajikunja, na ukuta wake ni mwepesi. Matofali yaliyounganishwa kwa udongo tu, bila ule mkanda wa zege na vyuma juu ya madirisha ambao mafundi wanauita shenaji, yanaachana kwenye kona na ukuta mzima unalala chini. Kisha mtu anaongeza mawe juu ya mabati ili upepo usiyabebe! Misumari na waya ni bei ndogo kuliko kichwa cha mtoto.

Sisi wa sendika tumeona kwamba kumwambia mtu "nyumba yako ni mbaya" hakusaidii. Anakasirika, au anacheka, sababu nyumba nyingine hana. Tunapashwa kuingia na fundi, tumwonyeshe kwa kidole: ufa huu wa kushuka mshazari toka kona ya dirisha; msingi huu uliokuliwa na mvua; ule ukuta wa pembetatu chini ya paa, ambao haukushikwa na kitu na unaanguka wa kwanza. Kisha tuulize: nani analala hapa? Kitanda kinaweza kuhamishwa leo leo, bila franka hata moja. Mlango ufunguke kwa nje, na usiku pasiwekwe baiskeli mbele yake.

Kwa nyumba za kambi, ambazo wafanyakazi hawakujenga, mwenye kazi ndiye atengeneze. Wajumbe wetu waandike kila ufa na tarehe yake, wapige alama ya kalamu kwenye ncha zake; ukipita alama, unaendelea kufunguka, na hiyo karatasi ndiyo tutakayoweka mezani.

Na kwenye mashimo: ardhi ikitetemeka, wote watoke. Asishuke mtu mpaka miti ya kushikilia ikaguliwe yote, hata kama mwenye shimo anapiga kelele.