Lenzi mpya, ringi nzito: arudishe au avumilie?

KUANZIA Mei hadi Julai, mpunga unapovunwa katika Bonde la Kilombero, fedha huingia mikononi mwa wakulima kwa mkupuo, na shughuli zilizokuwa zikisubiri, harusi, komunyo ya kwanza na kipaimara, husongamana katika miezi michache. Kwa mpiga picha wa Mofu, wa Mbingu au wa Ifakara mjini, hicho ndicho kipindi cha mauzo. Akikosa hapo anabaki na picha za pasipoti hadi msimu mwingine.

Mwenye hesabu zake hununua vifaa kabla ya msimu kuanza. Baada ya kamera yenyewe, kinachofuata kwa kawaida ni lenzi ya pili, ile yenye tundu kubwa la mwanga inayoweza kufanya kazi ukumbini jioni bila kumulika watu kwa flashi. Lenzi hiyo hutafutwa Dar es Salaam, hasa Kariakoo, kiasi cha kilometa 400 kutoka Ifakara, na husafiri kwa basi kupitia Mikumi. Tatizo la wiki hii linaanzia pale boksi linapofunguliwa. Lenzi ni mpya, inang'aa, lakini ringi ya fokasi ni nzito kama kifuniko cha chupa kilichokazwa na mtu mwenye hasira. Au inazunguka, ila inakwaruza.

Kuna anayeona hilo ni jambo dogo. Si dogo kwa mtu wa video. Kamera ya picha za mnato hujilenga yenyewe, na mwenye kazi hiyo peke yake anaweza kumaliza mwaka bila kuigusa ringi. Lakini anayerekodi bibi harusi akiingia anatakiwa aifuate sura yake hatua kwa hatua kwa mkono. Ringi ikigoma, mkono huongeza nguvu, kisha ringi huruka ghafla na kupita pale ilipotakiwa kusimama. Kamera nayo inatikisika. Bibi harusi haingii mara ya pili.

NZITO SI SAWA NA KUKWARUZA

Ndani ya lenzi ya mkono kuna vipande vya chuma vilivyochongwa nyuzi kama za skrubu, kimoja ndani ya kingine, na kati yake kuna grisi. Ukizungusha ringi, vipande hivyo hupanda na kushuka na kuusogeza mkusanyiko wa vioo mbele au nyuma. Grisi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kulainisha tu. Inatakiwa izuie kidogo, ili ringi isiteleze ovyo na ibaki pale ulipoiacha. Kwa hiyo uzito kiasi ni sehemu ya bidhaa.

Lenzi nyingi za mkono zinazotengenezwa China na Korea Kusini, zikiwamo za Samyang, huweza kutoka kiwandani zikiwa nzito kuliko mtu alivyozoea. Kama uzito ni ule ule kutoka mwanzo wa mzunguko hadi mwisho, bila sauti na bila kukwama, hiyo ni grisi. Zungusha taratibu mwisho hadi mwisho mara mia moja au mia mbili ukiwa umekaa barazani. Grisi husambaa na ringi hulegea. Waliowahi kutumia kamera za Zenit za Urusi wakiwa na lenzi ya Helios wanaijua grisi nzito ni kitu gani, na jinsi inavyogeuka gundi ikizeeka.

Msomaji wa Mofu azingatie pia hali ya hewa. Grisi huganda kwenye baridi na kulainika kwenye joto. Lenzi iliyokuwa nzito Njombe mwezi Juni inaweza kuwa ya kawaida kabisa bondeni. Maana yake ni kwamba mtu wa Kilombero hana kisingizio cha baridi. Ikiwa ringi inakataa saa nane mchana huku jua linawaka, grisi ni nzito kupita kiasi au tatizo si grisi.

Kukwaruza ni habari nyingine. Ukisikia mchanga unasagwa, au vidole vinahisi mikwaruzo midogo midogo, kuna kitu ndani: mchanga, vumbi, au vipande vya chuma vilivyobaki baada ya kuchonga. Hilo halitibiwi kwa kuzungusha. Kila mzunguko unakula nyuzi, na zikishalika ringi itakuwa na mchezo ambao hakuna grisi itakayouondoa. Vivyo hivyo ringi inayokwama mahali pamoja tu, kila mara pale pale. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba lenzi ilianguka na umbo lake limepinda. Angalia mdomo wa mbele panapofungwa filta. Alama ya kubonyea itakusimulia safari ya mzigo kabla haujakufikia.

Kabla ya kumlaumu muuzaji, hata hivyo, kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza swichi. Lenzi zenye mota ya kujilenga huwa na swichi ya kuchagua mota au mkono, na ringi ikilazimishwa wakati swichi iko kwenye mota, unapambana na giya zake na unaweza kuzivunja. Canon ya milimeta 50 ya toleo la pili, iliyotoka 1990 na bado imejaa kwenye soko la mitumba, iko hivyo, na nakala yake ya Yongnuo vilevile. Kwa lenzi za zamani za Nikon zinazozungushwa na mota iliyo ndani ya kamera, swichi iko kwenye kamera yenyewe, karibu na pale lenzi inapofungwa. Pili, baadhi ya lenzi mpya, kama ile ya Canon ya milimeta 50 iliyoshika nafasi ya hiyo mwaka 2015, ringi yake haikuunganishwa na vioo kwa nyuzi. Inatuma ishara ya umeme tu, na kamera ikiwa imezimwa itazunguka bila kufanya lolote. Huo si ubovu. Tatu, ondoa filta, kofia ya lenzi na nailoni ya kiwandani, kisha jaribu tena. Kipande cha gundi ya stika kimeshawahi kuitwa ubovu wa kiwandani.

RISITI INA BEI YAKE

Tukija kwenye fedha, tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu ni za kuonyesha njia tu, kila mmoja aweke zake. Tuseme muuzaji wa mkononi anakupunguzia shilingi 40,000 kwa sharti la kutotoa risiti. Lenzi ikiwa mbovu huwezi kuituma tu kwa basi, kwa sababu hakuna karatasi inayokutambulisha. Itabidi uende mwenyewe. Nauli ya kwenda na kurudi 80,000, malazi na chakula 40,000, na siku tatu za studio kufungwa kwa 20,000 kila siku: jumla 180,000. Mwenye risiti anatuma kifurushi na kurudishiwa kingine, tuseme kwa 20,000. Tofauti ni 160,000.

Ukigawa 160,000 kwa 40,000 unapata nne. Kwa tarakimu hizo, ikiwa lenzi moja katika kila nne za muuzaji huyo ina kasoro, punguzo lote limekwisha. Na hesabu hiyo imempendelea muuzaji, kwa kuwa inachukulia kwamba utakapofika atakuwa bado yuko pale pale na atakukumbuka.

Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yaliyopigwa muhuri chini ya risiti wengi huyasoma kana kwamba ndiyo sheria. Iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa inayouzwa na mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo iwe na ubora unaouzika, na ifae kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza. Lakini sheria hiyo hiyo ina kona mbili ambazo mnunuzi wa bondeni anapaswa kuzijua. Kama uliikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Na ukikaa nayo kupita muda wa kuridhisha bila kumwambia muuzaji kwamba umeikataa, unahesabiwa umeikubali.

Kwa lugha nyepesi: aliyezungusha ringi nusu mara kaunta huku akizungumza na simu amejiweka pabaya kuliko anavyofikiri. Dakika tano zinatosha. Lenzi ikiwa nje ya kamera, zungusha mwisho hadi mwisho mara kumi karibu na sikio, kisha uifunge kwenye kamera na urudie. Kama hukwenda mwenyewe na lenzi imetumwa, ijaribu siku ile ile inapofika, si siku ya harusi, na ujumbe kwa muuzaji utumwe jioni hiyo kwa maandishi. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji, ila nayo itauliza karatasi.

MAFUTA YA CHEREHANI

Kinachoharibu lenzi nyingi zaidi ya kiwanda ni huruma ya mwenye nazo. Mafuta ya cherehani, ya kupikia, au ya kupuliza yanayotumiwa na mafundi baiskeli, yote hulegeza ringi kwa siku chache. Kisha hutambaa. Yanafika kwenye visu vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, navyo vinanata. Yanafika kwenye vioo, na picha inakuwa kama imepigwa kupitia moshi.

Wako pia wanaofukia lenzi kwenye mchele ili unyevu utoke, jambo ambalo katika bonde la mpunga linaonekana kuwa la bure. Mchele una vumbi la pumba, na vumbi hilo laini ndilo hasa linalopenda kuingia kwenye nyuzi. Unyevu ni adui wa kweli, kwa kuwa masika huotesha ukungu juu ya vioo, lakini vipakiti vya silika ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana vinafanya kazi hiyo bila kuacha pumba.

Muda wa kurudisha ukiwa umepita, kazi ni ya fundi kamera. Anafungua, anasafisha grisi yote ya zamani, anapaka mpya kidogo. Muulize swali moja kabla hujamkabidhi: anaweka alama pale vipande vya nyuzi vinapoachana? Nyuzi hizo zina milango kadhaa ya kuingilia, na zikirudishwa kwenye mlango usio wake lenzi itazunguka vizuri sana lakini haitalenga vitu vya mbali. Fundi asiyelielewa swali hilo amwachie mwingine.

Kwa wenye mtaji mdogo, upande wa pili wa soko hili haujachangamkiwa. Wauzaji wa mitumba hushusha bei ya lenzi nzito na bei ya lenzi inayokwaruza kwa pamoja, kama vile ugonjwa ni mmoja. Ringi nzito iliyo sawasawa mwanzo hadi mwisho, vioo safi, mdomo usio na alama ya kubonyea: hiyo inauzwa kwa bei ya mbovu na inahitaji grisi tu.