Splita ya video ikikataa kutoa picha

Hapa Namuwongo chumba kimoja hakitoshi watu wote wanaokuja kutazama filamu za mafundisho. Kwa hiyo tunaweka televisheni mbili na kutumia splita, yaani kile kifaa kidogo kinachopokea picha kutoka kwenye deki au kompyuta na kuigawa.

Siku moja tuliwaita kina mama watazame filamu juu ya kipindupindu. Televisheni zote mbili zilibaki nyeusi. Tulihangaika saa nzima, kina mama wakaondoka mmoja mmoja bila kufundishwa chochote. Fundi alipofika alihamisha waya mmoja tu, picha ikaja. Pesa tuliyomlipa ingenunua sabuni.

Kabla ya kumwita fundi, fuateni hatua hizi:

1. Tazama taa ya splita. Splita nyingi zinahitaji umeme wake zenyewe. Kama taa haiwaki, jaribu adapta nyingine yenye volti zilizoandikwa kwenye splita, mara nyingi 5. Volti zikizidi, itaungua.

2. Tazama matundu. Waya wa deki uingie palipoandikwa IN au INPUT. Nyaya za televisheni ziingie kwenye OUT au OUTPUT. Hapa ndipo sisi tulipokosea.

3. Shika rimoti. Kila televisheni ichaguliwe tundu ulimochomekwa waya, kama vile HDMI 1 au HDMI 2.

4. Zima vyote. Kisha washa televisheni, halafu splita, na deki mwishoni.

5. Ruka splita. Chomeka deki moja kwa moja kwenye televisheni. Picha isipokuja, usiilaumu splita: badilisha waya, kisha jaribu deki nyingine. Picha ikija, rudisha splita na ujaribu televisheni moja moja.

6. Televisheni moja ikionyesha na nyingine ikakataa, badilishana nyaya zao. Waya mrefu wa zaidi ya mita 10 huweza kupoteza picha. Kama ile inayokataa ni ya zamani, punguza kipimo cha picha kwenye kompyuta hadi 1080 au 720.

7. Filamu moja ikikataa na nyingine zikaonekana, splita ni nzima. Diski nyingine zimefungwa na watengenezaji ili zisinakiliwe, na splita nyingine hazizipitishi.

Mnaponunua, jihadharini. Kuna kifaa kinachofanana na splita, lakini kinaunganisha deki mbili kwenye televisheni moja. Mwambie muuzaji aijaribu kwa televisheni mbili mbele yako.

Tena, mvua ikinyesha maji ya mfereji wa Nakivubo huingia katika nyumba za bondeni. Soketi za kurefusha umeme ziinuliwe juu ya meza. Usiguse nyaya kwa mikono yenye maji, wala usifungue kifaa chochote kikiwa na umeme.

Mwisho, jaribuni vyombo siku moja kabla ya kuwaita watu. Mama aliyeacha biashara yake ili aje kujifunza asirudi nyumbani mikono mitupu.

Mhudumu wenu wa jamii