Nusu ya farasi Likawage: tulipiga hesabu, mbung'o akaingilia

Dada yangu anafundisha shule ya msingi kule Likawage. Ana watoto watatu, ana shamba la ufuta, na mwalimu mwenzake yuko likizo ya uzazi, kwa hiyo akinipigia simu saa tatu usiku najua kuna jambo. Safari hii jambo lilikuwa farasi.

Mpwa wangu, miaka 9, alipandishwa farasi ufukweni Dar wakati wa likizo. Dakika kumi tu. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Dada naye kasoma mahali kwamba Ulaya mzazi asiye na muda wala hela ya kufuga farasi mzima anaweza kuingia ubia: mwenye farasi anabaki na farasi wake, wewe unachangia gharama na unapewa siku mbili au tatu za wiki za kumhudumia na kumpanda. "Kaka, si wewe ndo unasoma mambo ya wanyama huko Morogoro? Tukichanga kaya tatu, kila mmoja na zamu yake, inashindikana nini?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana swali ni zuri kuliko nilivyodhani. Nikamwambia anipe wiki moja.

Nilianza na muda, kwa sababu ndicho kitu ambacho dada hana. Farasi si baiskeli kwamba ukimaliza unamwegemeza ukutani. Tumbo lake la chakula ni dogo ukilinganisha na mwili wake, na limeumbwa kupokea majani kidogo kidogo mchana na usiku. Farasi akiachiwa malishoni anaweza kula hadi masaa 16 kwa siku. Tena hawezi kutapika. Akila vibaya, gesi na chakula vikikwama, anapata msokoto wa tumbo ambao unaweza kumuua ndani ya siku moja. Kwa hiyo hakuna kusema "leo nimebanwa, nitamlisha kesho". Farasi wa kilo 400 anahitaji kama kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, na maji lita 25 hadi 40, zaidi kukiwa na joto la Kilwa. Hapo ongeza samadi ya kuzoa kila asubuhi na kwato za kupunguzwa kila wiki 6 hadi 8.

Ukijibana sana, nakadiria masaa 2 kwa siku, yaani 14 kwa wiki. Gawanya kwa kaya tatu, unapata chini ya masaa 5 kila moja. Hapo dada alianza kuchangamka. Ndoo za maji zilimtia wasiwasi kidogo (lita 40 ni ndoo mbili za kawaida, na kichwa ni kile kile kinachobeba za nyumbani), lakini akasema watoto watasaidia.

Kwa upande wa muda, basi, ubia unafanya kazi. Kama ingekuwa Arusha ningesimama hapa na kumtakia kila la heri.

Lakini Likawage iko ndani kabisa ya wilaya ya Kilwa, mbali na bahari, katikati ya miombo. Ni misitu ya mpingo, na ukielekea machweo unaikuta Selous. Na penye miombo na wanyama pori, yupo mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita. Wenyeji hawahitaji kuelezwa, wanamjua kwa maumivu. Kwa msomaji wa mjini: ni nzi mwenye mdomo kama sindano. Dume na jike wote wanakula damu tu, hawali kitu kingine.

Kwenye mate yake mbung'o anaweza kubeba vimelea vya seli moja vinavyoitwa tripanosoma. Pongo, nyati na ngiri wanaishi navyo bila shida kubwa, kwa sababu wao na vimelea hivi wamezoeana kwa vizazi vingi. Farasi hakuzaliwa huku. Vikimwingia anapata homa inayokuja na kuondoka, damu inapungua, miguu na tumbo vinavimba, anakonda huku anakula, na asipotibiwa kwa kawaida anakufa. Ugonjwa huu kwa wanyama unaitwa nagana. Ndugu yake kwa binadamu ni malale.

Swali la dada lilikuwa: kwani hakuna chanjo? Hakuna, na sababu yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye somo hili. Tripanosoma amejifunika koti la protini. Kinga ya mwili inalitambua koti, inatengeneza silaha za kulishambulia, inaua wengi. Ila wachache wameshabadilisha koti. Hao wanazaliana, kinga inaanza upya, wachache wanabadilisha tena. Ana makoti ya aina mamia kwenye kabati lake la jeni. Ndiyo maana homa inakuja kwa mawimbi. Chanjo inafundisha mwili kutambua sura moja, na huyu jamaa hakai na sura moja.

Dawa zipo. Wafugaji waliohamia Lindi na ng'ombe wao wanazitumia, na ng'ombe wanaishi. Ila moja ya dawa zinazotumika sana kwa ng'ombe, diminazini, farasi na punda wanaivumilia vibaya. Kosa la kipimo linaweza kumdhuru mnyama uliyetaka kumponya. Hilo ni jambo la daktari wa mifugo, sio la kununua sindano mnadani.

Sasa turudi kwenye ubia, maana hapa ndipo kuna mtego ambao hata mimi sikuuona mwanzoni. Nilidhani kuchangia farasi kunagawa kila kitu kwa tatu: gharama, kazi, hata hatari. Hatari haigawanyiki hivyo. Tuseme, kwa mfano tu wa hesabu, kila matembezi ya porini yana nafasi 1 kati ya 50 ya farasi kuambukizwa. Kaya moja ikimtoa mara 2 kwa wiki, baada ya wiki 10 ametoka mara 20, na nafasi ya kuwa bado mzima ni 0.98 ikizidishwa yenyewe mara 20, sawa na asilimia 67 hivi. Kaya tatu, kila moja mara 2 kwa wiki, ni matembezi 60. Nafasi inashuka hadi asilimia 30. Ubia umegawa ndoo za maji, lakini kuumwa na mbung'o umekuongeza mara tatu. Na akifa, amekufa kwa wote.

Hii si nadharia tu kwa upande huu wa nchi. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, kusini ya Lindi, akapanda na njia ya mto Ruvuma akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu wa kubebea mizigo na punda. Alitaka kuona ni yupi atamhimili mbung'o. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Ila wasaidizi wake pia waliwapiga na kuwabebesha kupita kiasi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nani aliuawa na nzi na nani na fimbo. Jaribio bila kundi la kulinganisha, wanafunzi wenzangu mnajua msimamizi angesemaje.

Miaka 50 baadaye ilikuwa mbaya zaidi. Waingereza walishuka Kilwa Septemba 1916, na Julai 1917 walipigana na Wajerumani Narung'ombe, bara ya Kilwa. Katika vita ile ya Afrika Mashariki farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa nagana. Mnyama alipoisha, mzigo ukahamia kichwani kwa binadamu. Mamia ya maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Jina la Kariakoo pale Dar limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Ukienda kununua viatu pale, mbung'o ana mkono wake katika jina la soko.

Je, mbung'o hashindiki? Unguja alishindwa. Kuanzia 1994 madume waliofugwa Tanga walipigwa mionzi ya gamma ili wawe tasa, wakamwagwa kutoka kwenye ndege, zaidi ya milioni 8. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, na huzaa buu mmoja tu kila siku 9 au 10. Akipata dume tasa, basi imekula kwake. Nzi wa mwisho wa porini alikamatwa 1996. Lakini Unguja ni kisiwa, nzi wa jirani hawezi kuvuka bahari kurudi. Likawage haina bahari pande zote. Ukisafisha leo, kesho wanaingia kutoka porini.

Nilimpa dada majibu hayo Jumapili. Farasi wa ubia Likawage, hapana. Punda anavumilia kidogo zaidi lakini naye anaugua, na wa kubeba maji si wa kuchezewa na mtoto. Nilichompendekezea ni kugeuza zamu: mtoto ndiye asafiri, farasi abaki alipo, mahali pasipo na mbung'o. Likizo ya Juni atakaa kwangu, na tutashuka Dar Jumamosi mbili, saa moja moja, tunalipa kwa saa. Nimeshaanza kuweka akiba.

Mpwa alichukua simu mwishoni. Nilimweleza kwamba mbung'o anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo na kupakwa dawa. Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, sasa mbona sketi zetu za shule ni bluu?"